Anga Nitabadili, Uso Sitagusa

Huku Tanga mwezi mwandamo hulala chali. Jua likishazama upande wa milima ya Usambara utauona mwembamba, pembe zake mbili zikielekea juu, maana tuko digrii tano tu kusini mwa ikweta na jua limeshuka karibu wima chini yake. Mwezi huohuo ukitazamwa kutoka London huegemea ubavu. Nilianza kulitilia maanani jambo hili nilipokuwa nikinunua pakiti za anga za kubandika kwenye picha: miezi iliyokuwamo yote ilikuwa imesimama. Ukiubandika mmojawapo juu ya mnara wa msikiti wa Ngamiani kwa ajili ya kadi ya Idi, mtu aliyekulia kwenye kutafuta mwezi wa Ramadhani kila mwaka atahisi kuna kasoro, hata akishindwa kuitaja.

Nimeishi kwa kazi ya kuokoa picha kwa miaka mingi sasa. Wanaoniletea ni wapigapicha wenzangu waliopiga harusi saa saba mchana, wenye hoteli, wahitimu wa vyuo, na familia zenye picha moja tu ya marehemu wao. Maradhi ya picha hizo makubwa ni mawili. La kwanza ni anga jeupe tupu, lisilo na wingu wala rangi. La pili ni ukungu, yaani picha iliyotikisika au iliyokosa fokasi. Kwa yote mawili siku hizi kuna programu za kompyuta ambazo kazi ya siku nzima huimaliza mtu akingali anakunywa chai.

Kuhusu anga, watu huniuliza mara kwa mara kama kulibadili si uongo. Kuhusu kuongeza ukali wa picha hakuna anayeuliza. Kwao hilo ni usafi tu, vumbi limefutwa, basi. Mimi nimefika mahali ninaamini wasiwasi wao umekaa upande usiofaa, na nataka kueleza kwa nini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mwenye studio ndogo ya picha za paspoti na za familia. Chumba chake cha giza kilikuwa na taa nyekundu, beseni za dawa na harufu ambayo ilibaki kwenye nguo hadi nyumbani. Alipochapa picha iliyopigwa nje, alikuwa na kadibodi aliyoikata kwa mkono. Nuru ikishatosha kwenye nyuso za watu, aliwafunika kwa kadibodi ile huku akiitikisatikisa polepole, akaiacha nuru iendelee kuangukia sehemu ya anga kwa sekunde chache zaidi. Karatasi ikiingia kwenye dawa, mawingu yalijitokeza. Yalikuwamo kwenye negativu tangu mwanzo, yeye aliyapa muda. Kama negativu haikuwa na wingu, anga lilibaki jeupe na mteja akachukua picha yake hivyo hivyo.

Alikuwa pia na penseli laini iliyochongwa kwa wembe, ya kugusia negativu. Kwa penseli ile aliziondoa chunusi za bibi harusi moja baada ya moja. Siku moja nilimwona ameziondoa chunusi za kijana fulani, lakini kovu lililokuwa juu ya nyusi ameliruka.

“Mzee, hili kovu umelisahau?” nikamuuliza.

“Sijalisahau, mwanangu. Chunusi wiki ijayo haipo. Kovu ni lake.”

Nilikuja kuuelewa uzito wa jibu lile baadaye sana, kompyuta zilipoanza kuamua zenyewe kipi ni chunusi na kipi ni kovu.

Kubandika anga si uvumbuzi wa kizazi chetu. Katika miaka ya 1850 wapigapicha walitumia vioo vilivyopakwa kemikali iitwayo kolodioni, ambayo iliathiriwa mno na rangi ya samawati. Kabla nchi kavu au bahari haijapata nuru ya kutosha, anga lilikuwa limekwisha kuungua likawa tupu. Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha zake maarufu za bahari mwaka 1856 na 1857, na katika nyingine alitumia vioo viwili, kimoja cha maji na kingine cha mawingu, akaviunganisha kwenye mstari wa upeo wa macho. Wachunguzi wa kazi zake wamekuta mawingu yaleyale juu ya bahari tofauti. Picha hizo zimetunzwa katika makumbusho makubwa ya dunia na watu huzitazama kwa heshima.

Pwani yetu nayo haikuwa nyuma. Lamu, marehemu Omar Said Bakor aliendesha studio iliyojulikana kwa picha za kuunganisha, kipande cha hapa na kipande cha pale. Mombasa, katika miaka ya 1990, wapigapicha wa kivuko cha Likoni waliwasimamisha wateja wao mbele ya mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majengo marefu. Msafiri aliyetoka bara akapigwa picha pembeni ya ndege ile alijua kuwa ni rangi kwenye kitambaa, na aliowapelekea picha nyumbani walijua vilevile. Hapakuwa na aliyedanganywa. Picha ilieleza matamanio yake, naye ndiye aliyeyachagua na kuyalipia.

Ndiyo sababu kubadili anga hakunisumbui sana, ilimradi mwenye picha anajua na picha haipelekwi mahali pa kutolea ushahidi. Gazetini ni marufuku, na hapo sina mjadala. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liligundua kuwa mpigapicha wake wa kujitegemea aliongeza moshi kwa kompyuta juu ya majengo ya Beirut, likaacha kufanya naye kazi na kuziondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa. Moshi ule uliihusu vita, na wasomaji waliutegemea kujua kilichotokea. Harusi ya Chumbageni haina msomaji wa namna hiyo.

Tatizo la anga ni la ufundi, na humo ndimo wengi wanamoharibu. Programu ya Luminar 4 ilileta ubadilishaji wa anga kwa akili unde mwaka 2019, na Oktoba 2020 Photoshop nayo ikapata kitufe chake. Kompyuta hupitia picha nukta kwa nukta, ikakisia ipi ni anga na ipi si anga, ikazifunika zile za anga kwa picha nyingine, kisha ikapaka rangi kidogo ya anga jipya juu ya watu na ardhi ili vifanane. Pakiwa na ukuta wa nyumba wenye mstari ulionyooka, hufanya vizuri mno. Ilete kwenye mnazi sasa. Kati ya kila ukuti na mwenzake kuna upenyo mwembamba wa anga, na penyo hizo hubaki nyeupe huku anga jipya likiwaka nyuma yake. Shela ya bibi harusi inayopitisha nuru nayo huikoroga. Kilicho kigumu kuliko vyote kwa huku kwetu ni kanzu: bwana harusi amevaa nyeupe, nyuma yake anga jeupe la Desemba lenye mvuke wa bahari, na kompyuta haijui bega linaishia wapi. Nimeona bwana harusi aliyeliwa nusu ya bega na wingu, picha ikachapwa na ikatundikwa ukumbini. Kazi ya namna hiyo haimaliziwi kwa kitufe. Unaikuza picha hadi nukta zake zionekane, unashika brashi, unafuata ukingo wa nguo kwa mkono wako.

Halafu kuna jua. Picha iliyopigwa saa saba mchana ina vivuli vifupi vilivyojikusanya miguuni na weusi chini ya nyusi. Ukiiwekea anga la machweo, jua liko pembeni mwa picha lakini kivuli kinasema liko utosini. Mtazamaji hatakueleza hivyo. Atasema tu picha ina ugeni. Kwa picha za mchana mimi hubandika anga la mchana: samawati hafifu, mawingu machache, basi. Maharusi wakitaka jua jekundu nawaomba turudi pamoja jioni, dakika chache zinatosha.

Pwani ya bara ina sharti moja zaidi ambalo waliotengeneza programu hizi hawakuwa na sababu ya kulijua. Kwetu jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Mtu wa Unguja akiwa Forodhani huliona likizama majini, na picha yake ya jahazi mbele ya duara jekundu ni ya kweli. Tanga, Pangani, Bagamoyo na Dar es Salaam hatuna hiyo. Mwenye hoteli moja kusini mwa Pangani alinipa picha ya ufukwe wake akitaka niiwekee machweo juu ya maji kwa ajili ya matangazo. Nikamwambia, “Bosi, mgeni atalipa, atakaa na glasi yake saa kumi na mbili jioni akiitazama bahari, na jua litakuwa nyuma yake kwenye minazi. Utamwambia nini?” Alinyamaza kidogo, akaniuliza tufanyeje. Tulikwenda alfajiri tukapiga macheo yenyewe. Rangi ni zilezile, na mgeni akiamka mapema ataziona.

Tangu hapo sinunui anga. Ninazo zangu, nilizozipiga mwenyewe kati ya Raskazone na Pangani, na kila faili nimeliandika mwezi, saa na upande niliokuwa nimeelekea. Mawingu ya masika ni mazito na yana tumbo jeusi, ya kaskazi ni madogo na yametawanyika, na mtu wa pwani anayajua bila kufundishwa. Mpigapicha yeyote anaweza kujiwekea hazina hiyo kwa simu nzuri na uvumilivu. Itamfaa kuliko pakiti yoyote ya kununua.

Nije kwenye ukali wa picha.

Namna ya zamani ya kuongeza ukali ilianzia kwenye chumba cha giza. Fundi alitengeneza nakala ya negativu yenye ukungu makusudi, akaibandika pamoja na ile halisi, akachapa zote mbili kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba kingo za vitu zilijitokeza zaidi. Kompyuta hufanya hesabu hiyohiyo: penye mpaka kati ya weusi na weupe, upande mweusi hutiwa weusi kidogo na upande mweupe ukaongezwa weupe. Hakuna kitu kipya kinachoingia kwenye picha. Ukizidisha, mstari mweupe hutokea kuzunguka mabega na makosa yako yakaonekana na kila mtu.

Ipo pia njia ya kuurudisha ukungu nyuma kwa hesabu, iwapo unajua ukungu wenyewe ulisababishwa na nini. Mfano mkubwa wa njia hiyo ni darubini ya Hubble. Ilirushwa angani Aprili 1990, na baada ya muda mfupi ikagundulika kuwa kioo chake cha upana wa mita 2.4 kilinolewa vibaya: ukingo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban maikromita 2.2, sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Nyota zilionekana zimezungukwa na ukungu. Hadi wanaanga walipokwenda kuirekebisha Desemba 1993, wanasayansi walizisafisha picha zake kwa kanuni za hesabu, mojawapo ikiwa ile iliyochapishwa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974. Waliweza kwa sababu kosa lilipimika. Nuru ilikuwa imefika, imetawanyika tu, nao walijua imetawanyika kwa umbo gani.

Programu mpya za akili unde, kama zile za kampuni ya Topaz Labs, hufanya kazi kwa njia nyingine. Zimefunzwa kwa picha nyingi mno, kali kwa zenye ukungu, hadi zikajua ukungu wa namna fulani kwa kawaida huficha nini. Ukizipa picha yako, hujaza kilichokosekana kwa kile kinachoelekea kuwapo. Kwenye makuti, manyoya ya ndege, mchanga na gome la mbuyu hufanya kazi ya kusifika, na mimi huzitumia huko kila siku. Hakuna anayeuhesabu mchanga. Lakini nilianza kushtuka nilipoiona kanga. Mama mmoja alikaa mstari wa mbele harusini, jina la kanga yake likiwa limekosa fokasi kidogo ila bado linasomeka kwa kukaza macho. Programu ilirudisha herufi kali, nyeusi, zenye kingo safi, na hazikuwa neno la lugha yoyote. Mwanamke huchagua kanga kwa jina lake. Alilokuja kulisema siku ile kwa yule aliyemkusudia liliondolewa, pakawekwa michoro.

Uso ni hivyo hivyo, na tofauti ni kwamba uso wa kubuniwa unasomeka vizuri. Kijana mmoja alinijia na picha ya marehemu baba yake katika safu ya wanaume kwenye Maulidi. Ndugu yake alikuwa ameipiga kwa simu kutoka kwenye picha ya karatasi, akamtumia kwa WhatsApp, na uso wenyewe ulikuwa nukta chache tu. Alitaka ikuzwe iwekwe sebuleni. Niliipitisha kwenye programu mbele yake ili aone. Baada ya muda mfupi tulikuwa tunatazamana na mwanamume mwenye macho maangavu, ngozi laini na pua iliyonyooka. Kijana alifurahi sana, akampelekea mama yake palepale.

Mama alikuja mwenyewe alasiri. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani na kusogea kwenye kioo cha kompyuta. Alikitazama kwa muda.

“Huyu ni mzuri, baba,” akaniambia, “lakini mimi simjui.”

Kisha akanionyesha kwa kidole kwenye paji la uso. Mumewe alikuwa na alama ya sijda iliyokolea, ya miaka mingi ya kuswali. Kwenye picha ya simu ilikuwa doa hafifu. Programu ililihesabu doa lile kuwa uchafu, ikalisafisha. Nilimkumbuka mzee wangu na penseli yake.

Mambo haya si ya Tanga peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, ya kuzalisha uso mkali kutoka kwenye picha yenye nukta chache. Mtu mmoja aliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa nukta. Ikarudisha uso wa mzungu. Uso wa Obama unajulikana dunia nzima, kwa hiyo watu walishtuka na kupiga kelele. Baba wa Maulidi pale Tanga anajulikana na watu wa nyumbani kwake, na wao nao wataondoka mmoja baada ya mwingine. Baada ya miaka thelathini mjukuu atakayeitazama picha ya sebuleni hatakuwa na wa kumuuliza kama babu yake alifanana na yule. Anga la kubandika hukosea kuhusu siku moja, na siku yenyewe mara nyingi haina maana kwa mtu. Uso uliobuniwa humwondoa mtu katika kumbukumbu za watu wake na kumweka mwingine, na hufanya hivyo kwa uzuri kiasi kwamba wanashukuru.

Nilimuuliza yule mama picha ya karatasi ipo wapi. Ilikuwa kwenye sanduku la nguo, nyuma ya vyeti. Niliipitisha kwenye skana kwa nukta 1,200 kwa inchi, nikaongeza ukali kwa namna ya zamani, kidogo tu, nikaachia programu mpya ifanye kanzu, mkeka na ukuta wa nyuma. Uso ulibaki na ukungu wake. Alama ya sijda ilikuwapo. Nikawashauri tusiikuze kupita saizi ya kadi ya posta, kwa sababu ikizidi hapo macho yangepotea, nao wakakubali wakaitafutia fremu yenye ukingo mpana.

Huo ndio utaratibu wangu hadi leo. Nguo, majengo, mchanga na majani naviachia mashine. Uso wa mtu, maandishi na chochote kitakachotumika polisi, mahakamani au gazetini siviachii. Mteja akishikilia kutaka uso uliobuniwa, ni haki yake. Nitamtengenezea, lakini nitamwandikia nyuma ya picha kuwa uso umetengenezwa na kompyuta, na nitampa na ile halisi pamoja nayo. Wapo wanaokwenda kwa fundi mwingine kwa sababu hiyo. Sina kinyongo nao, ila sibadilishi.

Kwenu mnaotunza picha za wazee, nina maombi machache. Msiipeleke kwa fundi picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye picha, kama ile ya karatasi bado ipo. Itafuteni. Ikibidi kutumia simu, ipigieni kivulini bila taa ya simu, simu ikiwa imenyooka juu yake, na mkiituma kwa WhatsApp itumeni kama waraka, kwa maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza nukta. Mtu anayemkumbuka marehemu akae na fundi wakati uso unafanyiwa kazi, maana fundi hakumjua. Andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli. Na negativu msizitupe, hata zikiwa zimekunjamana au zimepata ukungu wa unyevu. Skana ya filamu inazisoma, na kilichomo humo hakuna programu iliyokibuni.